Rangi ya trekta inayodumu: mwongozo kamili wa kuzuia kutu kwa wakulima wa Lubumbashi

Trekta likipigwa rangi mwezi wa tisa na kuanza kuvimba mapovu kabla ya Krismasi, mwenyewe hulaumu kopo. Husema rangi ilikuwa feki. Rangi feki zipo, sikatai. Lakini kwangua povu lile kwa ncha ya kisu uone kilicho chini yake: unga wa kutu ya zamani, utando wa grisi, au chumvi nyeupe ya mbolea iliyofungiwa humo. Rangi ilishika uchafu vizuri kabisa. Uchafu ndio ulioachia chuma.

Mwongozo huu ni wa mwenye trekta la zamani, plau, haro au trela, anayelima mahindi upande wa barabara ya Kasenga, Kipushi au Kasumbalesa, na hana karakana yenye chumba cha kupulizia rangi. Karibu kila kitu humu kinafanyika kwa mikono, brashi ya waya, msasa, sabuni na maji safi. Naomba jambo moja tangu mwanzo: kazi ikiwa ya siku nne, tatu ziwe za kuosha, kukwangua na kufuta. Anayegeuza hesabu hiyo atairudia kazi mwakani.

Kinachokula chuma chetu

Kutu inahitaji maji na hewa tu. Maji hayo si lazima yawe mvua. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, chuma kitupu huanza kushika kutu polepole, na kati ya Novemba na Machi hewa yetu hukaa juu ya kiwango hicho kwa wiki nyingi mfululizo. Chumvi ikiwepo juu ya chuma, mambo yanakwenda mbio zaidi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuushikilia hata siku isiyo na mvua. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi za namna hiyo, na urea nayo hunywa maji ya hewani. Hii ndiyo sababu mashine ya kumwagia mbolea huoza miaka mingi kabla ya plau iliyonunuliwa siku moja nayo.

Kutu pia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili. Ikianza chini ya rangi inaisukuma juu, rangi inapasuka, maji yanaingia, na baka linapanuka. Kwa hiyo kupaka rangi mpya juu ya baka hakuzuii kitu.

Kwetu Katanga kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni shaba. Waya wa shaba unapatikana kila kona, na watu hufungia nao mabomba, taa, hata bamba la juu ya tairi. Shaba na chuma vikigusana penye maji, chuma ndicho kinachoumia. Kinaliwa haraka kuliko kama kingekuwa peke yake. Fungua waya huo, weka bolti ya chuma. La pili ni asidi. Viwanda vya shaba na kobalti hutumia asidi ya sulfuriki kwa wingi, na trela lililofanya kazi migodini linaweza kuishia shambani. Ukinunua trela la namna hiyo, lioshe kwa maji mengi, kisha maji yenye bikaboneti ya soda, rudia mpaka soda isitoe mapovu tena, suuza, lianike. Tanki lililobeba asidi ni habari nyingine. Usilikate kwa moto wala kulichomelea: asidi na chuma hutoa hidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Liache kwa wataalamu wa matanki.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua rangi

Wengi hukimbilia mwezi wa sita na wa saba kwa sababu mashamba yamelala. Ni kiangazi kweli, lakini ndiyo baridi yetu. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na bamba la chuma lililolala nje hupoa kuliko hewa yenyewe, hivyo asubuhi unalikuta limelowa umande. Rangi nyingi za kawaida hazikauki sawasawa chini ya nyuzi 10. Kanuni ya mafundi wa chuma ni kwamba uso wa chuma uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kushika. Kama huna kipimo, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya chuma kiache alama nyembamba ya maji. Alama hiyo ikichukua zaidi ya robo saa kukauka, usifungue kopo.

Mimi napendelea kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi wiki za kati za mwezi wa tisa. Joto limerudi, mvua iko mbali, na rangi inapata wiki kadhaa za kukomaa kabla ya kazi za msimu. Ubaya wa kipindi hicho ni vumbi jekundu na majivu ya nyika inayochomwa. Mwagia maji sakafu na uwanja kabla ya kupaka, tundika turubai upande unaotoka upepo, na siku yenye moshi mzito ifanye ya msasa tu. Anza kupaka umande ukishakauka, na uache mapema alasiri ili rangi iwe imekauka kwa kuguswa kabla baridi haijashuka. Mwezi wa kumi jua la mchana huchoma bamba hadi mkono haukai. Rangi ikipakwa hapo hukauka ngozi juu huku chini bado mbichi, na inatoa vipele.

Hatua ya kwanza: osha, na grisi itoke kabla ya msasa

Udongo wetu mwekundu una rangi ileile ya kutu, kwa hiyo trekta chafu haliwezi kukaguliwa. Banja matope makavu kwa kijiti, kisha lowesha, acha yalainike, suuza. Ingia chini ya mabamba ya tairi, nyuma ya ngazi, chini ya kiti, na ndani ya vyuma vilivyokunjwa, maana humo ndimo udongo na mbolea hulala mwaka mzima vikiwa na unyevu. Ukitumia mashine ya maji ya kasi, epuka beringi, rediyeta, alteneta na nyaya.

Kisha ondoa grisi na oili kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ukisugua kwa brashi ngumu. Watu wengi huanza na msasa, na msasa ukipita juu ya grisi huisukuma ndani ya mikwaruzo, ambako hakuna kitambaa kitakachoifikia. Dizeli inalainisha grisi lakini inaacha utando wake, hivyo baada yake lazima sabuni. Petroli siishauri kabisa. Cheche moja ya brashi ya waya inatosha kukuunguza.

Jaribu usafi kwa maji. Mwagia bamba na ulitazame kwa upande, jua likiwa mbele yako. Maji yakitandaa kama kioo, grisi imetoka. Yakijikusanya kuwa matone na kuacha visiwa vikavu, rudi kwenye sabuni.

Hatua ya pili: kagua kwa bisibisi na chaki

Kutu haianzii katikati ya boneti, mahali ambapo jicho linatua. Inaanzia kona za chini za mabamba, chini ya kisanduku cha betri, kwenye mishono ya kuchomelea, kwenye kingo kali, kuzunguka vichwa vya bolti, na pale mabamba mawili yanapolaliana. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na ncha ikisukumwa inazama. Zungushia chaki kila mahali penye shida kabla ya kugusa msasa, vinginevyo mkono utakimbilia sehemu rahisi.

Palipotoboka pachomelewe kiraka cha bamba sasa. Usijaze mastiki, ile pasta ya kujazia mabonde ya bodi, juu ya tundu: mastiki hunywa maji kutoka nyuma na kuyashikilia kwenye chuma. Na kama kona ya chini imekosa tundu la kutolea maji, toboa moja la milimita 6 hivi, kisha paka rangi na ndani ya tundu lenyewe. Matundu ya zamani mara nyingi yapo, yamezibwa na udongo tu.

Kisanduku cha betri kina sumu yake, kwani maji ya betri ni asidi ya sulfuriki. Toa betri, osha kwa bikaboneti ya soda kama nilivyoeleza, na baada ya rangi weka kipande cha mpira au plastiki ngumu chini ya betri.

Hatua ya tatu: toa kutu

Anza na kikwangulio kwa magamba mazito, kisha brashi ya waya, kisha msasa namba 80 na kumalizia 120. Kuna viwango vya kimataifa vya usafi wa chuma: St 2 na St 3 kwa kazi ya mikono na ya mashine ndogo, Sa 2½ kwa kupuliza mchanga. Kwa trekta la shamba, St 3 inatosha: kutu yote iliyolegea imeondoka na chuma kinaonyesha mng'aro wake. Uangalifu mkubwa uwe kwenye brashi ya waya inayozungushwa na grinda. Ikipita sana mahali pamoja inailainisha kutu badala ya kuitoa, nayo inang'aa rangi ya kahawia nyeusi kama chuma. Pitisha msasa wa mkono juu yake. Ukipata unga wa kahawia, bado hujafika.

Rangi ya zamani iliyoshika vizuri iache. Ikwaruze tu kwa msasa namba 180 au 240, na pale inapokutana na chuma kitupu, lainisha ukingo mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Ngazi hiyo ikibaki, rangi mpya itapasukia hapo.

Kwenye vishimo vidogo vya kutu ambavyo msasa haufiki, dawa ya kugeuza kutu inafaa. Hizo dawa huwa na asidi ya fosforiki au taniki, na kutu hubadilika kuwa nyeusi na kushikamana. Hazifai juu ya magamba, na hazichukui nafasi ya kukwangua. Soma kopo: nyingine husuuzwa, nyingine huachwa zikauke.

Sasa afya, na hapa tafadhali usiharakishe. Matrekta ya miaka ya 1960 na 1970, kama Massey Ferguson 135 ambazo bado zinalima sehemu nyingi za Afrika, yanaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, hasa praima (rangi ya kwanza, inayokaa juu ya chuma chenyewe) ya rangi ya chungwa. Vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Sugua kwa maji, vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Kupuliza mchanga wa kawaida bila kinga kamili ni hatari vilevile, maana vumbi la silika huharibu mapafu bila tiba. Usishawishike pia kuchukua mchanga mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba eti ni wa bure. Mabaki yetu yana kobalti na metali nyingine, na vumbi lake litabaki uani kwako.

Hatua ya nne: futa, na upake siku hiyohiyo

Chuma kilichotoka msasani kinaanza kushika kutu upya usiku wa kwanza. Toa vumbi kwa brashi laini, kisha futa kwa thina, ile ambayo madukani hapa hupewa jina la diluant. Tumia vitambaa viwili: cha kwanza chenye thina, cha pili kikavu kinachofuata papo hapo kabla haijakauka yenyewe. Ukitumia kimoja unasambaza tu uchafu. Baada ya hapo usiguse chuma kwa kiganja kitupu. Jasho ni chumvi na linaacha alama. Ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi vioo, nipeli za grisi, bamba la namba ya chesisi na fimbo za haidroliki.

Hatua ya tano: praima, ukianza na kingo

Praima ndiyo inayozuia kutu. Rangi ya juu kazi yake kubwa ni kuikinga praima na jua na maji. Madukani utaiomba kwa jina la antirouille. Tafuta yenye fosfati ya zinki, au epoksi ya makopo mawili (rangi na kigumishi chake, vinavyochanganywa) kama mfuko unaruhusu. Kwa chuma kilichosafishwa mpaka kung'aa kote, praima yenye zinki nyingi ni bora zaidi, kwani zinki hufanya kinyume cha shaba: ikigusana na chuma penye maji, zinki ndiyo inayoliwa na chuma kinabaki. Ndiyo kinga ileile ya bati la nyumba, na madini yenyewe tunayo jirani, Kipushi, kwenye mgodi uliosimama mwaka 1993 na kurudi kutoa zinki mwaka 2024. Lakini praima hiyo juu ya kutu au rangi ya zamani haifanyi kazi, kwa sababu zinki lazima iguse chuma.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wa haraka hulipuuza. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali na kukimbilia sehemu bapa. Juu ya ukingo wa bamba inabaki nyembamba mno, hata kama pembeni ni nene. Basi kabla ya kupaka popote, chukua brashi ndogo na upake kingo zote, mishono ya kuchomelea, vichwa vya bolti na matundu. Dondosha kwa ncha ya brashi, sukuma ndani ya mshono, kisha vuta. Acha ikauke, ndipo upake praima mwili mzima. Kwa koti la pili rudia kingo tena. Ukingo unapata makoti manne wakati bapa linapata mawili, na inavyotakiwa ndivyo hivyo.

Kila koti la praima likikauka liwe na unene wa mikroni 40 hadi 50 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Huwezi kupima kwa macho, lakini kopo huandika lita moja inafunika mita ngapi za mraba. Ikisema 10 na wewe umefunika 18, umepaka nyembamba. Kuzidisha thina ili kopo litoshe ndiyo njia ya haraka ya kuupata unene huo mbovu. Usivuke kiasi kilichoandikwa, mara nyingi asilimia 5 hadi 10.

Hatua ya sita: rangi ya juu

Rangi ya mafuta ya kawaida, yaani alkidi, ni ya kopo moja, inapakwa kwa brashi, na kuirekebisha ni rahisi. Kwa mkulima wa kawaida naipendekeza bila wasiwasi. Paka makoti mawili membamba, kati yake saa 16 hadi 24, ukikwaruza kidogo kwa msasa namba 320. Koti moja nene linatiririka na kubaki bichi ndani. Trekta litaguswa bila kuacha alama baada ya siku, lakini rangi inakomaa kwa wiki kadhaa. Usimwage dizeli juu yake wala kulipiga maji ya kasi muda huo.

Poliyurethani ya makopo mawili inadumu zaidi juani, nasi tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambako jua lina makali. Tatizo ni kigumishi chake. Kina kemikali za isosianati, zinazoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya vumbi haizizuii. Anayeipuliza avae kinga yenye hewa safi ya bomba. Kama huna, baki na alkidi kwa brashi. Epoksi nayo isiachwe kuwa rangi ya juu, maana jua huigeuza unga kama wa chokaa. Jua ukweli pia kuhusu nyekundu: huanza kupauka mapema kuliko rangi nyingi nyingine, na hilo halimaanishi kutu imeingia.

Kwa mwenye kompresa: shinikizo la baa 2 hadi 3, mdomo wa milimita 1.4 hadi 1.8, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye chuma, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Bomba la moshi lipakwe rangi ya joto kali ya nyuzi 600. Ya kawaida huungua kabla ya jioni.

Vyuma visivyopakwa rangi

Ubawa wa plau na diski za haro husuguliwa na udongo kila siku, na mng'aro wake ndio unaofanya udongo uteleze. Siku plau inapotoka shambani mwisho wa msimu, ioshe, ikauke, paka grisi safi kwa kitambaa. Oili chafu ya injini naiona ikitumika kila mahali, nami naipinga: ina maji na asidi za mwako, na inadondoka kwenye udongo unaokulisha. Fimbo za haidroliki zirudishwe ndani ya silinda. Isiyorudi ipakwe grisi. Rimu zenye kloridi ya kalsiamu ndani ya tairi, chumvi ya kuongeza uzito kwenye nchi za barafu, huoza kwa ndani. Kwetu maji matupu yanatosha.

Kutunza baada ya hapo

Mashine ya mbolea ioshwe siku ileile ilipotumika, hata kama kesho itaingia tena shambani. Usiku mmoja wa mvua na mbolea ndani yake unaharibu kuliko mwezi wa kulima. Kwa dawa ya magugu yenye glifosati, usiiweke kwenye tanki la mabati au la chuma lisilo na utando ndani, kwa kuwa huzalisha hidrojeni, tumia plastiki.

Egesha chini ya paa lenye pande wazi, magurudumu na plau vikiwa juu ya mbao. Turubai la plastiki lililofungwa moja kwa moja juu ya boneti hukusanya jasho chini yake, na chuma hulowa usiku kucha kuliko kingebaki wazi. Likilazimika, liinue kwa fito hewa ipite. Ndani ya sanduku la vyombo weka kopo dogo la praima, brashi ndogo na kipande cha msasa. Jiwe likichubua rangi hadi chuma, sugua, futa na gusia praima jioni ileile kama hewa ni kavu. Ikiwa mvua imeshika, paka grisi hapo kwa muda, na siku ya jua uifute yote kwa sabuni na thina kabla ya kugusia.